Mkono wa Kulia wa Eliakim

Katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia, Mwalimu Tryphosa hakuwahi kumkasirikia mwanafunzi asiyejua. Aliyemkera ni yule asiyejua na bado akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kwa hiyo Jumatano ile, shemeji yake Jackson alipojitupa kwenye kochi, akachovya mkate kwenye chai na kutangaza, "Mwalimu, hiyo maneno ya mkono nimemaliza. Tutawaambia ni lori," vidole vya mwalimu vilitafuta chaki ya kurusha, vikakumbuka kwamba vimestaafu.

"Lori gani?"

"Lori yoyote. Lori ya mahindi. Ilianguka, marehemu akabanwa mkono. Nani atauliza namba ya gari?"

"Mzee Joseph, babu mkubwa wa bwana harusi, amekuwa na malori ya mahindi miaka ishirini. Huyo atauliza namba ya gari, jina la dereva, na kama mahindi yalikuwa yamekauka."

Jackson alitafuna mkate wake akifikiri. "Basi tuseme ni trekta."

Tryphosa alinyanyuka akaenda jikoni, si kwa sababu kulikuwa na kazi huko, bali kwa sababu jikoni hakukuwa na Jackson.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jumamosi wazee wa kina Kiplimo wangetoka Soy kuja nyumbani kwake Kiplombe kwa koito, kukaa na kukubaliana mahari ya Chebet, mtoto wake wa pekee na mchumba wa Kiplimo. Walikuwa wamekuja mara mbili kabla ya hapo, wakanywa mursik, maziwa ya kibuyu, wakataja koo zao, wakasifu ng'ombe, na hakuna aliyegusa jambo la mkono. Sasa, nguo zimeshonwa na hema limelipiwa, mama mmoja wa kanisani alikuwa amemnong'oneza baada ya ibada: wazee wa Soy hawatataja ng'ombe hata mmoja kabla ya kuelezwa ni nini kilichoula mkono wa kulia wa marehemu Eliakim. Wamesikia ni chang'aa, pombe haramu ya kupika. Wamesikia alikuwa na mtambo, mtambo ukalipuka. Na wao ni watu wa kanisa. Hawataoa katika nyumba ya mpika chang'aa.

Mpika chang'aa! Eliakim, aliyekuwa akinusa hata dawa ya kikohozi kabla ya kuimeza!

Miaka kumi na tisa uvumi huo ulikuwa umeizunguka nyumba yake kama fisi anavyozunguka zizi. Marehemu alikosa vidole viwili, kidole cha mwisho na jirani yake, na ngozi ya kiganja ilikuwa imevutika, iking'aa kama karatasi iliyopakwa gundi. Alisalimia kwa mkono wa kushoto, na kila aliyesalimiwa hivyo alikwenda zake akijua kwamba ama amedharauliwa ama ameona alama ya siri. Alitoa sadaka kwa mkono wa kushoto. Alipochaguliwa mzee wa kanisa, kuna mtu alisimama akauliza kama ni sawa kugawa meza ya Bwana kwa mkono huo. Yeye Eliakim alicheka tu. Tryphosa hakucheka. Alipiga pasi mashati ya mumewe mpaka kola zikasimama zenyewe, akapaka nyumba rangi kila Desemba, akahakikisha kwamba hakuna mtu wa ukoo ule, hata binamu wa mbali, aliyeonekana amekaa karibu na chupa. Jina la nyumba ni kama shuka jeupe: ukilianika nje kila siku, watu hatimaye watachoka kutafuta doa.

Kumbe hawakuwa wamechoka. Walikuwa wakisubiri koito.

Na ukweli ulikuwepo. Ukweli ulikuwa safi, wa kisayansi, wa heshima kabisa. Tatizo lake ni kwamba ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi nje juani akimenya maharagwe: Kogo, mama mzazi wa Eliakim, mwenye umri wa miaka tisini na kitu, ambaye masikio yake yalisikia kila lililosemwa hadi kwa jirani wa tatu.

*

Eliakim alikuwa mkemia wa kiwanda cha mitungi ya plastiki. Kiwanda kilikuwa kidogo, kando ya barabara ya vumbi, na wateja wake wakubwa walikuwa wauzaji wa dawa za mashamba. Mwaka wa 2005 wateja hao walianza kurudisha mitungi. Dawa zilizochanganywa na vimiminika vikali zilipenya plastiki polepole, mtungi ukavimba huku na kubonyea kule, na baada ya miezi miwili dawa ilikuwa imepungua ilhali kifuniko hakijafunguliwa. Wakulima waliwaita wenye maduka wezi. Wenye maduka waliwaita watu wa kiwanda wezi. Mwenye kiwanda alimwita Eliakim.

Eliakim alipelekwa ng'ambo miezi sita akarudi na jibu: florini. Sio ile floridi ya maji ya Bonde la Ufa inayotia watoto meno ya kahawia, bali florini yenyewe, gesi tupu. Unaweka mitungi ndani ya chumba cha chuma, unafyonza hewa yote, unaingiza gesi hiyo, na baada ya muda mfupi plastiki inaota ngozi mpya nyembamba isiyopitisha dawa. Ni plastiki ileile kwa macho na kwa mkono, lakini sasa ina mlango wa chuma.

Tryphosa alipowaeleza wanafunzi wake wa kidato cha nne, aliwaambia hivi: plastiki ni ploti. Kaboni ndiye mwenye nyumba, na hidrojeni ni wapangaji wake, watu wapole, wengi, waliokaa mlango kwa mlango. Florini anaingia bila kubisha, anamtoa hidrojeni kwa shati, anakaa yeye, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayemtoa. Ila kila mpangaji anapofukuzwa kuna vurugu, na vurugu hiyo ni joto. Ukimwachia florini peke yake, ploti nzima inawaka. Kwa hiyo humleti peke yake. Unamleta akiwa amezungukwa na nitrojeni, kama mlevi anayealikwa harusini pamoja na wazee tisa wa kanisa wa kumshika mikono.

Wanafunzi walicheka na hawakusahau. Hata leo yuko daktari wa watu mjini ambaye akikutana naye humwamkia, "Shikamoo Mwalimu, mlevi hajambo?"

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo Eliakim aliirudia mpaka usingizini: mafuta yasiguse bomba. Mafuta ya aina yoyote. Grisi ya fundi, jasho la kiganja, tone la chipsi. Mafuta ni umati wa hidrojeni usio na ulinzi. Florini akikutana nao ndani ya bomba lililobanwa hapigani nao mmoja mmoja, anawasha moto, na moto huo hula hata chuma. Eliakim alisafisha kila kipande kwa siku tisa. Mabomba ya shaba aliyaosha, akayakausha, akayafunga kwa karatasi kama zawadi. Ni mabomba hayohayo ya shaba, yaliyojikunja karibu na pipa, ambayo watu wa kijiji walichungulia kupitia dirishani na kuamua bila kuuliza kwamba wameona mtambo wa chang'aa. Kwani shaba iliyojikunja ina kazi gani nyingine duniani?

Mwenye kiwanda alitaka ufunguzi. Tryphosa hakuwepo, ilikuwa Desemba, alikuwa Nairobi akisahihisha mitihani ya taifa. Alisimuliwa baadaye. Mchungaji aliomba. Mgeni wa heshima alikata utepe. Na Kogo, aliyekuja na kitenge kipya na kibuyu chake kidogo cha mwaita, siagi ya ng'ombe ambayo kwao hupakwa mtu au kitu kinachoanza safari, alimpaka mwanawe kwenye paji la uso watu wote wakimwona. Eliakim alikwenda akanawa kwa sabuni mara tatu. Hakuona kwamba, alipokuwa akinawa, mama yake alikuwa amezunguka nyuma ya mtambo. Kogo alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili anavyofikiri: ng'ombe hupakwa, gari hupakwa, bibi harusi hupakwa, mashine hii iliyomgharimu mwanangu miezi sita ya baridi ya watu itaachwaje kavu? Alitafuta kinywa cha mashine. Alikiona: ungio moja lililokuwa bado wazi likisubiri bomba la silinda. Akachovya kidole, akapaka ndani, vizuri, kwa upendo.

Fundi wa mabomba, Ibrahim, alimwona kwa mbali akiondoa kidole. Alidhani anagusa tu, kama wazee wanavyogusa kitu kipya. Aliunganisha bomba. Wageni walikwenda kula. Saa nane mchana Eliakim alivaa glavu, akafungua vali robo ya mzunguko, na ungio likatema moto mweupe uliopita kwenye glavu kana kwamba haipo. Ibrahim ndiye aliyefunga silinda. Ndiye aliyemwagia maji mkono wa mwenzake dakika ishirini bila kuacha, na ndiye aliyekwenda hospitali akipiga kelele kwamba mwenzake apakwe kalsiamu, kalsiamu, maana Eliakim alikuwa amemfundisha: moto ukizimika, asidi inabaki ndani ya nyama ikitafuta mfupa.

Tryphosa alipofika hospitalini kutoka Nairobi, vidole viwili vilikuwa vimeondolewa. Mumewe alikuwa amekwisha kupata jibu la fumbo kutoka kwa Ibrahim.

"Mama asijue," alisema. Hakusema kitu kingine kwanza, hata habari ya safari. "Umesikia, Tryphosa? Ataacha kula. Atakufa akijua alinichoma kwa mkono wake mwenyewe. Mama asijue, siku zote."

"Na watu wakiuliza?"

"Waseme watakavyo. Mimi najua nilichokuwa nikifanya."

Naam, yeye alijua. Lakini yeye hakuwa ndiye anayesikia minong'ono kwenye foleni ya kusaga unga pale posho mill.

*

Alhamisi Tryphosa alikwenda mjini kumwona Ibrahim. Siku hizi Ibrahim aliuza mitungi na mapipa karibu na Munyaka, ndevu zake zimepakwa hina, tumbo limemtangulia kidogo. Alimtolea kiti, akaagiza chai ya maziwa.

"Nakuhitaji Jumamosi," alisema Tryphosa. "Uwaambie haikuwa chang'aa. Wewe ulikuwepo. Na wewe ni Mwislamu, hujawahi kuonja pombe, hakuna shahidi bora kuliko wewe."

"Nitakuja, Mama Chebet. Marehemu alikuwa ndugu yangu." Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Lakini nitawaambia nini? Kwamba mafuta yaliingia kwa bomba?"

"Ndiyo. Grisi iliingia, ikawaka. Basi. Ni ajali ya kazini. Ni heshima."

"Na wakiuliza mafuta yalitoka wapi?"

"Hawatauliza."

"Mama," alisema Ibrahim kwa upole unaoudhi, "wazee wa mahari wanauliza mpaka jina la ng'ombe aliyekamuliwa na babu. Hawa wataacha kuuliza mafuta?"

Tryphosa alisema familia yake haijawahi kudanganya na haitaanza Jumamosi. Ibrahim alisema hilo ni jambo zuri sana. Akasema pia kwamba kama yeye ndiye atakayeulizwa, atapatwa na kikohozi, maana alimwahidi marehemu.

Tryphosa alirudi nyumbani akiwa na hasira na watu wote: wazee wa Soy, mama wa kanisani, Eliakim kwa kufa na kumwachia kazi hii, na zaidi ya wote kile kibuyu kilichoning'inia mlangoni mwa Kogo, ambacho kila alipokiona alihisi kama mtu anayeishi nyumba moja na nyoka aliyefugwa.

"Kesho kutwa wageni wetu," alisema Kogo bila kuinua uso kwenye maharagwe. "Mwaita uko tayari. Nimeusuka mwenyewe."

"Asante, Mama."

"Wewe hupendi siagi yangu. Tangu mkono wa Eliakim, hata chapati unapika kwa mafuta ya duka."

Tryphosa alisema ni kwa sababu ya moyo. Daktari alisema siagi si nzuri kwa moyo. Kogo alisema mume wake alikula siagi mpaka miaka themanini na minane, na daktari huyo ana miaka mingapi?

*

Jumamosi wazee walifika saa tano, wanane, wakiwa na makoti mazito na fimbo. Waliketi upande mmoja wa sebule, wazee wa nyumba upande wa pili, Jackson katikati kama msemaji wa familia, Ibrahim pembeni karibu na birika. Tryphosa alikaa kiti cha mlangoni, Kogo kwenye kigoda chake, kibuyu magotini. Chebet na Kiplimo walikuwa nje na vijana, na kupitia dirishani Tryphosa aliona shingo ya binti yake, imenyooka mno, ya mtu anayejitahidi kutosikiliza. Chebet alikuwa amemuuliza usiku wa jana swali moja tu: "Mama, baba alipika?" Miaka ishirini na saba, shahada, kazi benki, na bado aliuliza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Walikula. Walisifu nyama. Halafu Mzee Joseph, babu mkubwa wa Kiplimo, aliweka kikombe chini taratibu.

"Tumeshiba," alisema. "Lakini kuna gogo njiani, na sisi magoti yetu ni mazee, hatuwezi kuliruka. Baba ya huyu msichana alikuwa na mkono mbaya. Huko kwetu tunaambiwa uliungua na pombe ya kupika. Mtueleze. Mkitueleza vizuri tutahesabu ng'ombe. Mkitueleza vibaya, tutashukuru kwa chakula na tutakwenda kufikiria."

Kila mtu pale alijua kwenda kufikiria ni nini. Kuna wasichana ambao wazee walikwenda kuwafikiria mwaka wa 1998 na bado wanafikiriwa.

Jackson alikohoa. "Wazee wetu, ilikuwa ni lor—"

"Jackson," alisema Tryphosa.

Jackson akarudi kwenye chai yake.

"Mama mwenyewe aseme," alisema Mzee Joseph.

Tryphosa alisimama, kama darasani. Aliwaeleza mitungi iliyovimba. Wawili kati yao walinung'unika kwa kukumbuka. Walikuwa na mitungi hiyo. Aliwaeleza gesi. Aliwaeleza mlevi na wazee tisa wa kanisa, na mzee mmoja alicheka hadi fimbo ikaanguka. Ibrahim naye alisema alikuwepo, ameona kwa macho yake, hakukuwa na pombe hata ya kuoshea kidonda.

"Wewe utajuaje harufu ya chang'aa, Ibrahim?" aliuliza mmoja. "Si nyinyi hamnywi?"

"Mzee, nimeishi Eldoret miaka arobaini. Hiyo harufu haimngoji mtu aonje."

Walicheka. Sebule ililegea. Tryphosa aliona mabega ya Jackson yakishuka, akaanza yeye mwenyewe kuketi.

"Sasa," alisema Mzee Joseph, "hayo mafuta. Marehemu alisafisha siku tisa, umesema. Ni nani aliyeweka mafuta?"

Ibrahim alipatwa na kikohozi.

Mwalimu alibaki amesimama nusu. Angeweza kusema hajui, lakini mzee yule alikuwa na macho ya mtu aliyenunua mahindi mabichi mara moja na hakurudia. Angeweza kusema fundi, na Ibrahim alikuwa hapo akikohoa kwa uaminifu. Kwenye kigoda, vidole vya Kogo vilizunguka shingo ya kibuyu.

"Ni mimi," alisema Tryphosa.

Kikohozi cha Ibrahim kikageuka kuwa cha kweli.

"Wewe?" Mzee Joseph aliinama mbele. "Wewe mwalimu wa kemia?"

"Nilikwenda kumsalimia kazini. Nilikuwa nimejipaka mafuta mikononi. Niligusa."

"Ala!" alisema Jackson, aliyekuwa akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Mwalimu! Na vile ulinichapa kwa sababu ya asidi, Form Two!"

Vicheko vilipasuka mpaka nje. Mmoja wa vijana wa Kiplimo, mwanafunzi wake wa zamani, alirudia kwa sauti: "Eti ni Madam aliguza! Madam mwenyewe!" Miaka thelathini na mmoja, tuzo mbili za wilaya, na kuanzia leo hadi kaburini atakuwa mwalimu wa kemia aliyemuunguza mumewe kwa losheni. Tryphosa alisimama wima akavipokea vicheko. Alisema moyoni: Eliakim, tumelipana.

"Huyu anadanganya," alisema Kogo.

Tryphosa alimgeukia haraka.

"Mama, tafadhali," alisema Tryphosa.

"Anadanganya wageni wangu ndani ya nyumba ya mwanangu. Desemba ile alikuwa Nairobi akisahihisha makaratasi. Nani alikaa na Chebet? Ni mimi. Nani alimpeleka kiwandani akiwa na gauni la manjano? Ni mimi. Huyu hakupaka kitu." Kogo aliinua kibuyu ili wote wakione. "Nilipaka mimi. Kwenye kinywa cha mashine. Ndani, vizuri."

Tryphosa alijikuta amepiga magoti karibu na kigoda, miaka kumi na tisa ya ahadi imemwagika kwenye zulia, akimshika mama mkwe mkono. "Mama, hukujua. Hakuna aliyejua. Eliakim alisema usiambiwe. Si kosa lako, ulikuwa unabariki tu..."

Kogo alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa sweta nyuma mbele.

"Kosa?" alisema. "Kosa gani? Hiyo gesi, umesema mwenyewe, inakula chuma. Iliwaka mbele ya uso wa mwanangu. Ikachukua nini? Vidole viwili. Vya pembeni. Mtu mwingine ingechukua kichwa! Kwa nini haikuchukua kichwa? Kwa sababu kichwa nilikuwa nimepaka!" Akagonga paji la uso wake. "Hapa! Watu wote wakiona."

"Mama, iliwaka *kwa sababu* ya siagi."

"Na hospitali walimpaka nini?"

Tryphosa alifumba macho. "Kalsiamu."

"Na kalsiamu inapatikana wapi? Ulifundisha akina mama wa kanisa wewe mwenyewe, na picha ulichora."

"Maziwa," alisema Jackson kwa furaha. "Kalsiamu inapatikana kwenye maziwa!"

"Si kalsiamu ile!" alisema Tryphosa. "Ile ni dawa, imetengenezwa..."

Lakini wazee wanane wa Soy walikuwa tayari wanatikisa vichwa kwa ukubalifu mzito. Mzee Joseph aliokota kikombe chake, akakuta kitupu, akakiweka tena.

"Nimekaa kwenye koito nyingi," alisema. "Kila nyumba nimekuta watu wakisukumiana lawama kama chungu cha moto. Hapa nimekuta mke anaiba lawama ya mama mkwe, na mama mkwe anainyang'anya. Huyu msichana kama ametoka hapa, sisi hatuna la kufikiria." Akageukia wenzake. "Tuhesabu ng'ombe."

Nje, shingo ya Chebet ilikuwa imelegea. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi na gauni lake jipya, akilia na kucheka, na Kiplimo hajui ashike wapi.

Waliafikiana kabla ya saa tisa. Kisha Kogo aliinuka na kibuyu, akawapaka wazee mmoja mmoja kwenye paji la uso, akawapaka wachumba, akampaka Ibrahim aliyesema Bismillah na kuinamisha kichwa. Alipofika kwa Tryphosa alisimama.

"Miaka yote hii," alisema polepole, kwa sauti ya wawili tu, "ulikuwa unanificha?"

"Aliniomba, Mama."

"Kijana mjinga." Kidole chake kilichokauka kilibaki hewani kidogo. "Angeniambia. Ningempaka na mkono pia." Akachovya tena, akaufungua mkono wa kulia wa Tryphosa, akaupaka wote, kiganja, vidole vyote vitano, na kwenye vile viwili vya pembeni akakawia.

Mwalimu hakuunawa mkono ule mpaka wageni walipoondoka. Hilo hakumwambia mtu.

*

Uvumi wa chang'aa ulikufa wiki hiyohiyo. Mama wa kanisani alikuja mwenyewe na sukari kilo mbili kusema kwamba yeye hakuwahi kuuamini. Jina la nyumba lilikuwa jeupe kama Tryphosa alivyotaka liwe, na angeshukuru kimyakimya, lau watu wangeliacha hapo.

Hawakuacha. Kufikia Jumatatu, Kiplombe nzima ilijua kwamba siagi ya Kogo iliishinda gesi kali kuliko zote duniani, na kwamba hilo limethibitishwa kwa sayansi na mwalimu mstaafu wa kemia. Jumanne alikuja mtu mwenye posho mill mpya. Jumatano akaja wa mashine ya kukamulia ng'ombe. Tryphosa aliwakalisha, akaanza kwa kaboni na wapangaji wake. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, wakasema asante Mwalimu, halafu wakauliza Kogo ameamka?

Alhamisi, lango lilipogongwa tena, alikuwa na mikono kwenye unga. Alichungulia. Palikuwa na kijana wa pikipiki mpya, plastiki bado haijatolewa kwenye kiti, na karibu naye Kogo, amekwisha kufungua kibuyu, anaizunguka pikipiki ile polepole akiinama hapa na pale. Tryphosa aliyajua mainamo hayo. Kogo alikuwa akitafuta kinywa.

"Mama!" alipiga kelele kupitia dirishani. "Paka taa! Paka magurudumu! Mpake hata dereva! Lakini mdomo wa tangi, tafadhali, uache!"

Kogo, aliyekwisha kufungua tangi, alilifunika kwa upole, akamgeukia kijana.

"Msikilize," alimwambia. "Huyo ni mwalimu. Anajua."